JAKARANDA AU MKRISMASI? TUJUE KABLA YA KUPANDA

Mwanafunzi mwenzangu, ukipita mjini Machakos mwezi wa Oktoba utaona maua ya zambarau yametapakaa chini. Hayo ni ya jakaranda, mti uliotoka Amerika ya Kusini. Desemba ikifika, mwingine huwaka mwekundu kama moto. Huo ni flamboyanti, mzaliwa wa Madagaska, ambao jirani zetu wa Tanzania huuita mkrismasi. Wakati wa maua hata mtoto mdogo hakosei. Lakini maua yakiisha, je? Miti yote miwili ina majani madogo madogo kama unyoya, na hapo ndipo wengi hupotea. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Nikiwa kidato cha pili niliokota mbegu, eti za jakaranda. Nilitaka kivuli mbele ya darasa letu, maana sisi wa shule ya kutwa hula chakula cha mchana juani. Nilizipanda katika pakiti kuukuu za maziwa, nikazimwagilia wiki sita. Wapi! Haikuota hata moja. Wenzangu wakanibandika jina "Mkulima wa Mchanga".

Mzee mmoja jirani yetu, mwenye kitalu cha miche, alipoziona zilizobaki alicheka. "Kijana, hii si jakaranda. Ni ngumu kama jiwe. Utangoja mpaka uote ndevu!" Basi akanifunza hivi:

Kwanza, tazama ganda. La jakaranda ni bapa na la mviringo, na mbegu zake ni nyepesi, zina bawa la kupeperushwa na upepo. La mkrismasi ni refu kama upanga, huweza kufika sentimita 60.

Pili, tazama majani. Vijani vya jakaranda vina ncha kali. Vya mkrismasi vina ncha butu.

Tatu, mbegu ya jakaranda iloweke usiku mmoja, uifunike kwa udongo kidogo tu. Ya mkrismasi ikwaruze ngozi upande mmoja kwa msasa, kisha iloweke mpaka kesho yake. Ikivimba, jua maji yamepenya.

Nne, hamisha miche mvua ya vuli ianzapo, kwani huku Ukambani ndiyo ya kutegemewa kuliko masika. Mkrismasi uwe mbali na ukuta na tangi la maji, kwa kuwa mizizi yake hutambaa juu juu na hupasua saruji.

Nilikuwa nimebaki na mbegu 12. Nilizikwaruza, zikaota 9. Leo miche 5 ingali hai mbele ya darasa, na mrefu kuliko yote umenifika kiunoni. Kumbe mbegu hazikuwa mbovu. Ni mimi sikuzijua!

Nitamaliza shule kabla ya kukaa kivulini mwake. Si neno, watakaa wadogo zetu. Ombi langu ni moja tu: maji uliyonawia mikono usiyamwage ovyo. Upelekee mche.