Usiache Mswaki kwa Sababu ya Damu



Miaka kadhaa iliyopita nilifunga siku 21. Tangu asubuhi mpaka jioni sikutia maji kinywani, hata ya kusukutua, nikiogopa kwamba tone moja likipita kooni, mfungo wangu umeharibika. Jioni nilikula, nikaenda kwenye maombi ya usiku, nikarudi na kulala bila mswaki. Kufika juma la tatu, fizi zilikuwa zimevimba. Nilipojaribu kusugua meno, damu ikatoka. Basi nikauacha mswaki kabisa, nikasema adui ananipiga vita kinywani. Mke wangu akaniambia kwa upole, "Papa, hiyo si harufu ya kufunga. Uende kwa mganga."

Mganga wa meno aliniuliza neno moja tu: "Mchungaji, mara ya mwisho umesugua meno lini?" Niliona haya.

Alinieleza hivi. Kila siku vijidudu hujenga utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Huo ndio ukoga. Tusipouondoa, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu na kutoa damu. Hatua hiyo bado inapona: tukisafisha vizuri kila siku, kwa majuma machache damu inakoma. Lakini ukoga ukikaa, unakuwa mgumu kama jiwe, na mswaki hauwezi tena kuutoa. Mpaka mganga aukwangue kwa vyombo vyake. Ukiachwa zaidi, ugonjwa unashuka chini na kula mfupa unaoshika jino. Mfupa huo ukipotea, haurudi. Jino linalegea, na mwishowe linang'oka hata kama halijatoboka.

Basi kosa letu wengi ni lile lile langu: tunaona damu, tunaacha kusugua. Damu inaita mswaki, haiufukuzi.

Tena ufizi hauugui peke yake. Mwenye ugonjwa wa sukari anapata ugonjwa wa ufizi kwa urahisi, na ufizi ulioharibika unafanya sukari ya damu iwe ngumu kutulizwa. Kila mmoja unamwongezea mwenzake nguvu. Mama mwenye mimba, homoni za mwili wake zinafanya fizi zivimbe na kutoa damu upesi; asiogope, asiache kusugua, amwambie mganga siku ya kupima mimba. Na mvuta tumbaku anaweza kudanganyika, kwa sababu tumbaku hupunguza damu kwenye ufizi na kuficha ugonjwa unaoendelea.

Sasa wazazi, sikieni neno hili. Kuna ugonjwa unaoitwa noma. Unashika hasa watoto wadogo wa miaka 2 mpaka 6, wenye utapiamlo au waliotoka kuugua surua au malaria. Unaanza kwenye ufizi: kidonda, damu, harufu mbaya. Kisha shavu linavimba, na kwa siku chache nyama ya uso inaoza. Usipotibiwa, karibu watoto 9 kati ya 10 wanakufa. Lakini ukigunduliwa mapema, antibiotiki, kusafisha kinywa na chakula kizuri vinauzuia. Mwezi wa 12 mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliuweka noma kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Si laana, si uchawi, wala hauambukizi. Mtoto wa namna hiyo asifichwe nyumbani, wala asiletwe kwetu kukesha siku tatu kwanza. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile. Sisi tutaomba njiani pamoja nanyi.

Tufanye nini kila siku? Sugua meno mara mbili, asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi. Pitisha mswaki polepole pale jino na ufizi vinapokutana. Usiazime mswaki wa mwenzako. Ufizi ukiuma, sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, lakini hiyo haiondoi ukoga. Kula sombe, maharagi, samaki na matunda, punguza sukari. Damu ikiendelea zaidi ya majuma mawili, au jino likilegea, nenda kwa mganga.

Na tunapofunga? Katika Matayo sura ya 6, Yesu anafundisha kwamba anayefunga anawe uso na kujipaka mafuta. Kama uso unaoshwa, kinywa kinachoomba kitaachwaje kichafu? Sukutua, tema, kisha endelea na maombi. Mimi sasa nafunga na mswaki wangu, na fizi zangu zimepona.

Bwana awabariki na kuwalinda, nyinyi na watoto wenu.