Mguu Ulioteguka (Sehemu ya Pili): Kuchua, Kufunga au Kukanyaga?

Juma lililopita tuliona jinsi kifundo kinavyopinduka na kuchana kano za upande wa nje wa mguu. Leo ni zamu ya tiba, na naanzia Kariakoo, mtaa uliorithi jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, enzi ya Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wangalipo. Huyu kajitwisha robota la mitumba Mtaa wa Kongo, yule anavuta mkokoteni Msimbazi. Akikanyaga vibaya ukingo wa mtaro, mguu umeteguka.

Wenzake humkimbilia na maji ya moto yenye chumvi, kisha mafuta, kisha kuchua mpaka apige kelele. Wachuaji nawaheshimu, ila siku mbili tatu za mwanzo kano zilizochanika huvuja damu ndani kwa ndani, na joto pamoja na kukandamizwa huzidisha uvimbe. Tena mkono hauoni mfupa uliovunjika. Aliyeshindwa kupiga hatua nne, au anayeumia sana ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, kwa nyuma au nchani, akapigwe eksirei kwanza. Kipimo hicho kilitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, nacho hakihitaji chombo chochote.

Barafu ya pakiti, ikiviringwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi, hutuliza maumivu. Isitarajiwe kuponya. Dakta Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza ushauri wa barafu mwaka 1978, alikiri baadaye kwamba inaweza hata kuchelewesha kupona.

Kuhusu kufunga, mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha watu 584 walioteguka vibaya. Waliofungwa hogo kwa siku 10 walikuwa na nafuu kubwa zaidi, ilipofika miezi mitatu, kuliko waliopewa bandeji ya kuvaa kama soksi. Ilipofika miezi tisa, wote walikuwa sawa. Kwa hiyo hogo la siku chache lina nafasi yake kwa mguu ulioumia sana. Kwa mguu wa kawaida, kifungio imara na kuanza kukanyaga taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu hushinda wiki nyingi za hogo, nayo ni habari njema kwa mtu anayelipwa kwa mzigo.

Tiba inayoniuma kuiona ikiachwa haina bei. Kano hupeleka habari mwilini kwamba mguu umekaaje. Zikichanika, habari hizo hufifia, ndiyo maana kijana hurudi kazini uvimbe umekwisha na kuteguka palepale. Dawa yake ni kusimama kwa mguu ulioumia, dakika moja moja, mara kadhaa kwa siku, kwa wiki kadhaa. Aanze akiwa ameshika ukuta wa duka, kisha auachie, kisha afumbe macho, kabla ya kujitwisha robota la kwanza la asubuhi.