Magoti ya Wazee Wetu

Katika neema za Mwenyezi Mungu ziko ambazo hatuzitambui mpaka zianze kututoka. Goti ni mojawapo. Mwenye siha huinama na kuinuka katika sala asikumbuke kuwa ana magoti. Lakini aliyelika gegedu, yaani kile kitu laini kinachofunika ncha za mifupa isisagane, kila sijida kwake ni mtihani.

Tuitazame Wingwi, kaskazini ya Pemba. Mama zetu hulima kwa jembe, huchukua kuni na maji kichwani, na maji yakitoka hushuka pwani kuinamia mwani. Goti likiuma huambiwa: ni baridi yabisi, ni uzee, kaa kitako. Sisi twaona kuwa nasaha hii ya mwisho ndiyo yenye kudhuru.

Wataalamu wa hospitali ya Charité, mjini Berlin, waliwapima wagonjwa watano waliotiwa magoti ya bandia yenye vipimo ndani yake, na mwaka 2010 wakatoa hesabu. Mtu akitembea pahala tambarare, goti hupokea takriban mara mbili na nusu ya uzito wake. Akishuka ngazi, takriban mara tatu na nusu. Mwenye kilo 70, basi, akishuka ngazi goti lake hupokea karibu kilo 240! Na mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliona kuwa mgonjwa mnene akipungua kilo moja, goti huondokewa na kilo nne katika kila hatua.

Kutokana na hayo twapata mafunzo. Kwanza, aliyenenepa apunguze uzito. Pili, asiache kutembea, kwani paja likilegea goti hukosa msaidizi. Akae kitini, aunyooshe mguu, ahesabu mpaka tano, aushushe. Afanye hivyo mara kumi kila mguu. Tatu, bakora ishikwe kwa mkono wa upande usiouma. Dawa za maumivu hutuliza, hazirejeshi gegedu, na zikizidi huweza kudhuru tumbo na figo. Goti likivimba na kuwa moto, aende hospitali upesi.

Nanyi vijana, ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya magoti ya mama. Mpokeeni kabla hajaanza kuchechemea.

Na sala je? Imran bin Husain (r.a.) alipougua alimwuliza Mtume (s.a.w.), naye akamruhusu asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Basi mzee asione haya kusali kitini. Lakini akumbuke kuwa hiyo ni ruhusa ya sala, si ruhusa ya kukaa kutwa nzima. Akishatoa salamu, na ainuke atembee.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu siha, na sisi atupe huruma ya kuwatumikia. Amin.