Kabla ya Kupaka Chokaa Ndani ya Nyumba

Kiangazi kikifika watu wengi wanatengeneza nyumba zao. Mwenye nyumba ananunua chokaa au rangi, anaazima burashi kwa jirani, na kwa siku moja vyumba vyote vinakuwa vyeupe. Wageni wanasifu. Lakini sisi waganga tunakuuliza neno moja: kabla ya kupaka, uliutazama ukuta wenyewe? Chokaa haimfukuzi anayekaa ndani ya ufa. Inamfunika siku chache tu.

Katika nyufa za nyumba za udongo anaweza kukaa kimputu, ambaye wengine wanamwita papasi. Ni wa jamaa ya kupe, rangi yake ni ya udongo, kwa hiyo ni vigumu kumwona. Mchana anajificha ukutani na sakafuni. Usiku, watu wakilala, anatoka, ananyonya damu, kisha anarudi mahali pake. Anaweza kukaa miaka bila kula wala asife. Basi usiseme, “Chumba hiki hakikulaliwa tangu mwaka jana, ni salama.”

Mdudu huyu analeta homa ya kimputu. Mgonjwa anapata homa kali, kichwa na viungo vinamwuma. Baada ya siku chache homa inaisha, naye anafurahi. Kisha, kama juma moja likipita, homa inarudi. Wengi wanadhani ni malaria tu. Mwaka 1904 na 1905 daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton na mwenzake John Todd waliichunguza homa hii hapa Kongo, wakaonyesha kwamba kimputu ndiye anayeileta. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo, akafa kule Kasongo katika Maniema tarehe 27 Februari 1905. Leo dawa ziko, na mtu akifika mapema anapona. Lakini mama mwenye mimba anaweza kupoteza mtoto wake kabla ya kufika hospitali. Kwa hiyo mama wa namna hii asilale katika chumba chenye nyufa, hata kama ni cheupe namna gani.

Sasa, fanya hivi. Toa vitanda, mikeka na vyombo vyote nje juani. Chukua kisu, upanue kila ufa kidogo, kwa sababu udongo mpya haushiki katika ufa mwembamba. Ondoa vumbi lote. Lowesha ufa kwa maji, kisha shindilia udongo uliochanganywa na mchanga. Udongo mtupu ukikauka unapasuka tena, nayo kazi yako ni bure. Siku ya pili tazama: mahali palipopungua, jaza mara nyingine. Usisahau pembe za chumba na mahali ukuta unapokutana na sakafu, hasa karibu na kitanda. Ukimwona kimputu usimponde kwa vidole, maana maji ya mwili wake pia yanaweza kuambukiza. Mtupe motoni.

Ukuta wenye masizi ya moshi uoshwe kwa maji ya sabuni, la sivyo weusi utatokea tena. Ukuta wenye unyevu na kuvu uulizwe kwanza maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni mfereji wa nje uliozibwa, au paa linalovuja. Kupaka kabla ya kuziba paa ni kutupa feza.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Walawi sura ya 14, nyumba yenye pigo ukutani. Hawakuambiwa kuipaka juu. Waliikwangua ndani pande zote, na vumbi wakalimwaga nje ya mji.

Jambo la vumbi ni kubwa kwa ninyi mnaokaa katika nyumba za zamani za matofali, zilizopakwa rangi ya mafuta. Rangi nyingi za namna ile zilikuwa na risasi ndani yake, nayo haionekani kwa macho. Mtu akiikwangua ikiwa kavu, vumbi linaanguka sakafuni, mtoto anatambaa, anatia vidole kinywani. Risasi inaharibu akili ya mtoto, na uharibifu ule hauna dawa ya kuurudisha. Basi usiichome kwa moto, usiisugue kavu. Ilowesha kwanza. Watoto na mama wenye mimba walale kwa jirani mpaka kazi iishe. Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, usifagie, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Chokaa isiyozimwa bado inachemka ikikutana na maji. Tia chokaa katika maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya chokaa, na watoto wakae mbali. Ikiruka machoni, osha kwa maji safi mengi, muda mrefu, halafu njoo hospitali siku ileile.

Kama nyumba yako ilipigwa dawa ya mbu ukutani, ongea na muuguzi kabla ya kupaka, kwa kuwa chokaa itaifunika dawa ile.

Udongo ukikauka kabisa, lowesha ukuta kidogo, paka chokaa nyepesi mara mbili au tatu. Kisha rudisha kitanda, lakini kisiguse ukuta.