Jumuiya ndogo si kituo cha michango

Ni Jumamosi alfajiri mjini Bariadi. Maduka bado yamefungwa, bodaboda wachache wanasubiri abiria wa mabasi ya Mwanza, na katika ua wa nyumba moja ya kawaida viti vya plastiki vinapangwa mduara. Mama mwenye nyumba ametandika kitambaa cheupe mezani, ameweka msalaba, mshumaa na Biblia. Watu wanaingia mmoja mmoja: mwalimu, mama ntilie, fundi baiskeli, bibi anayetembea kwa mkongojo. Jua halijachomoza sawasawa, wimbo umeshaanza.

Mikutano ya namna hii hufanyika kila wiki kuanzia Somanda na Malambo hadi Nyakabindi, na kwingine mkoani Simiyu, huko Maswa, Lagangabilili, Mwanhuzi na Nyashimo. Wakatoliki huiita Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Makanisa mengine nayo yana vikundi vya nyumbani, vingine vikiitwa seli, vingine jumuiya, vingine ibada ya mtaa. Majina ni tofauti, lakini nia ni moja: mkristo asiwe mtu wa Jumapili tu, bali awe na watu wanaomjua kwa jina, wanaojua watoto wake, na wanaobisha hodi asipoonekana.

Hata hivyo, uliza kwa nini jirani wa nyumba ya tatu haji tena jumuiya, na jibu linalosikika mara nyingi ni neno moja: michango.

Ilikotoka

Jumuiya hizi hazikuletwa na meli. Nchini Tanzania mwanzo wake unatajwa kuwa mwaka 1966, katika parokia za Wajaluo wa Mara Kaskazini, Jimbo la Musoma, hasa Parokia ya Nyarombo. Ni mkoa wa jirani kabisa na Simiyu. Wamisionari wa Maryknoll waliokuwa huko walianza kwa kuwatazama watu wenyewe: wanakutanaje, wanasaidianaje, nani husikilizwa. Waliona kwamba kabla ya kanisa kujengwa, tayari palikuwa na vikundi vilivyoshika maisha ya watu.

Mwaka 1973 maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi na kukubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya ndogo za watu wanaoishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi na kuufanya ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Mwaka 1979, mjini Zomba, Malawi, walikaa kuipima kazi yenyewe.

Kwa Watanzania wa wakati ule wazo hilo halikuwa geni. TANU ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa imewatoa watu wengi wa Usukumani kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwapanga kandokando na majirani wasiokuwa ndugu zao. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda mbali zaidi: alihamia kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa, akiamini kwamba kushirikiana maisha ndiko kuiishi imani yenyewe.

Msukuma naye alikuwa na yake. Vikundi vya kulima kwa zamu vilikuwepo: leo shamba la huyu, kesho la yule, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo wa bugobogobo. Mtu aliyekwepa zamu ya wenzake alijua siku yake haitakuja. Kwa hiyo jumuiya ilipofika, ilikuta watu wanaojua tayari maana ya kusaidiana kwa zamu.

Mkoa mkubwa, kaya kubwa

Simiyu ulitangazwa mkoa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga kwa sehemu kubwa. Sensa ya mwaka huo ilikuta watu karibu milioni 1.6. Ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2. Kaya zake ni miongoni mwa kaya kubwa nchini, na watu wengi wanaishi vijijini kwa pamba, mahindi, mtama, viazi vitamu na ng'ombe. Padri au mchungaji mmoja ana vigango vingi na barabara ndefu za vumbi. Akifika kijijini mara moja kwa mwezi, ni vizuri. Siku nyingine zote, Kanisa ni katekista au mwinjilisti, pamoja na jumuiya.

Tena hapa si kila aliye ndani ya nyumba ni mkristo. Ni jambo la kawaida mke kuwa muumini na mume kubaki katika mila za wazee wake. Zamu ya jumuiya ikifika kwenye nyumba kama hiyo, busara inatakiwa. Wenye uzoefu huanza kwa baba mwenye mji: wanakwenda mapema, wanamwamkia kwa heshima, wanamweleza ni akina nani watakuja na watakaa muda gani. Baba wa namna hiyo anaweza kukaa pembeni chini ya mti, akijifanya anatengeneza kamba ya ng'ombe, kumbe anasikiliza kila neno. Asipoombwa ruhusa, mke ndiye atakayejibu jioni wageni wameshaondoka.

Pale mambo yanapoharibika

Jumuiya ni ngazi ya kwanza ya uongozi wa parokia. Ndiyo inayowatambua waumini, na mara nyingi kiongozi wake ndiye anayethibitisha kwamba mtoto anayeombewa ubatizo au vijana wanaotaka kufunga ndoa wanafahamika. Hapohapo hupitishwa bahasha za zaka, ahadi za ujenzi, mchango wa sherehe ya parokia, mchango wa safari ya kwaya. Kila kimoja kina sababu yake. Vikikusanyika siku moja, Neno la Mungu hupata dakika 10 na matangazo ya fedha dakika 40.

Mwezi Julai, pamba ikiwa imeuzwa, familia inaweza kuvumilia hali hiyo. Mwezi Januari, chakula kikiwa kimepungua ghalani na mahitaji ya shule yakisubiriwa, mama asiye na shilingi anaanza kuona aibu. Wiki ya kwanza anasingizia palizi, ya pili anasingizia mtoto mgonjwa, na ya tatu hakuna anayemuuliza. Kosa linakamilika siku ya msiba, mtu anapofungua daftari na kusema marehemu hakuwa hai katika jumuiya. Hakuna maneno yanayoiumiza familia kama hayo, na hayasahauliki kwa vizazi viwili.

Utaratibu wa kujitegemea si dhambi. Kanisa lisilochangiwa na waumini wake litabaki kusubiri wafadhili. Tatizo ni pale mchango unapokuwa kipimo cha utu, na daftari la mweka hazina linaposomwa kuliko Injili.

Namna ya kuipanga

Wanaofanikiwa kuzishika jumuiya zao kwa miaka mingi huzingatia mambo machache ya kawaida.

Kwanza ni ukubwa. Familia 10 hadi 15 zinatosha. Zikifika 30, watu wanaanza kujificha nyuma ya wenzao, wanaosali ni walewale watatu, na mgonjwa anaweza kulala wiki mbili bila kujulikana. Jumuiya iliyokua igawanywe, tena kwa kufuata umbali wa nyumba kwa nyumba na si kwa kufuata urafiki au hali ya kipato.

Pili ni zamu. Mkutano uzunguke nyumba zote, hata ile ya nyasi isiyo na viti. Makubaliano yawe wazi kwamba mwenyeji hapiki. Akipenda kutoa uji au matobolwa, ni hiari yake; wali na soda visiwe sheria. Nyumba ya maskini ikirukwa mara moja, maskini ameshaelewa.

Tatu ni saa. Mjini alfajiri ya Jumamosi inafaa. Kijijini wakati wa kulima, kuanzia Novemba, watu wako shambani tangu usiku, hivyo Jumapili alasiri ni bora. Msimu wa mavuno na wa mashindano ya ngoma za Wagika na Wagalu, vijana hawatapatikana kwa amri. Lisaa limoja la kueleweka ni bora kuliko matatu ya kusubiriana.

Nne, Neno litangulie. Njia inayotumika sana ni ile ya hatua saba, iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana kwa sala, kusoma Injili, kurudia maneno yaliyogusa, kukaa kimya, kushirikishana, kuamua la kufanya, na kufunga kwa sala. Uzuri wake ni kwamba haimtaki msomi. Bibi asiyejua kusoma anarudia neno alilolisikia, akiruhusiwa kulisema kwa Kisukuma, na mara nyingi ndiye anayelifafanua vizuri kuliko katibu. Hatua inayorukwa zaidi ni ya sita, ya kuamua la kufanya, ilhali ndiyo inayotenganisha jumuiya na kikundi cha nyimbo.

Tano, fedha zitengwe. Zaka na ahadi za parokia ziwe na siku yake, labda mara moja kwa mwezi, na kila mtu atoe kwa siri. Mfuko wa wagonjwa na misiba uwe wake peke yake. Hisa na mikopo ya kikoba zibaki huko kwenye kikoba. Anayedaiwa mkopo asikimbie sala kwa sababu anayemdai amekaa mbele yake.

Wababa wako wapi?

Hesabu viti katika jumuiya yoyote: wanawake wanaweza kuwa wanane, wanaume wawili, na mmoja wao ni mwenyekiti. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, umewazoeza akina mama kukutana na kuongoza. Baba wa Kisukuma amezoea kwamba mkutano wa wanaume ni wa kuamua jambo: mipaka ya shamba, ng'ombe walioibwa, mahari. Akiitwa kukaa na kuimba tu, anaona hana kazi pale.

Basi apewe kazi. Paa la mjane linavuja. Mzee hana wa kumlimia. Vijana wawili wanagombea mpaka. Mambo haya yakiletwa jumuiya katika ile hatua ya sita, baba atakuja na jembe au plau yake, na kidogo kidogo atakuja na Biblia.

Bibi mwenye macho mekundu

Lipo jambo moja zito linaloonyesha kwa nini haya yote si suala la ratiba tu. Kwa miaka mingi, taarifa za haki za binadamu zimeitaja mikoa ya Usukumani kwa mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi. Wengi ni wajane wanaoishi peke yao. Macho yao yamekuwa mekundu kwa sababu wamepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote, katika jiko lisilo na dirisha. Mtoto akifa kijijini, au ng'ombe wakifa, au ndugu wakilitamani shamba lake, macho hayo huwa ushahidi.

Bibi anayetembelewa kila wiki na majirani 12 si rahisi kumgeuza mchawi. Watoto wa jumuiya wanamchotea maji, wanaume wanamtobolea dirisha la jiko, mkutano unakaa uani kwake kwa zamu kama kwa wengine. Mnong'ono ukianza kilabuni, wapo watu wa kusema kwamba wanamfahamu, na wapo wa kwenda mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji au polisi. Aliyeondolewa kwenye daftari kwa kukosa mchango hana watu hao.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ililieleza Kanisa kama Familia ya Mungu. Katika familia ya Kisukuma, mtoto asiyeleta kitu hakatwi chakula, na bibi asiyeweza kulima hasahauliwi wakati wa kugawa michembe.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, kabla katibu hajafungua daftari la michango, mwenyekiti aulize swali moja: nani hatujamwona kwa wiki tatu? Likishatajwa jina, wachaguliwe wawili wa kwenda kumbishia hodi siku hiyohiyo, mikono mitupu, bila bahasha.