Tangawizi, asali na mvuke: tunavyouguza mafua Bwera

Septemba mvua zinaporudi, meza yangu katika soko la Lhubiriha hujaa tangawizi, ndimu, vitunguu saumu na chupa za asali. Wateja wengine wanashuka kutoka milimani kwetu, wengine wanavuka daraja la Mpondwe wakitokea Kasindi, upande wa Kongo. Shida yao ni moja: gripi, pua imeziba, koo linawasha. Wakishalipa huniuliza, "Mama, hii nichanganye na nini?" Nami huwaeleza hadi mwisho, kwa sababu naona anayeuza dawa ya nyumbani anawajibika kusema inasaidia nini na haisaidii nini.

Mafua hayaletwi na mvua. Yanaletwa na virusi, hasa vile vinavyoitwa rinovirusi, ambavyo vina aina zaidi ya 160. Ndiyo maana mtu hupona leo akashikwa tena mwezi ujao. Mvua hutukusanya ndani, madirisha yamefungwa, mmoja anapiga chafya na nyumba nzima inapata. Kwa kawaida mwili wenyewe huvishinda katika siku 7 hadi 10. Sijui jani la kuvimaliza katika Rwenzori nzima. Wala antibiotiki, vile vidonge vya rangi mbili ambavyo watu hununua viwili vitatu dukani, haviviui. Kazi yake ni bakteria.

Dawa za bibi zetu humpunguzia mgonjwa mateso wakati mwili unapigana, na anayejua kulala usiku mzima bila kupumua vizuri hawezi kulidharau hilo. Asali ndiyo naiheshimu kuliko zote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2001 kuhusu dawa za kikohozi na mafua kwa watoto, liliitaja miongoni mwa vitu salama na vya bei nafuu vya kutuliza koo. Kijiko kimoja kabla ya kulala humpunguzia mtoto kikohozi cha usiku. Lakini asiyetimiza mwaka asilambishwe hata tone. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga hauna nguvu ya kuzizuia zisiote na kutoa sumu. Mama akinitajia kichanga, asali simuuzii. Namwambia amnyonyeshe mara kwa mara zaidi.

Tangawizi tunaiponda na maganda yake, tunaichemsha pamoja na mujaja, mmea wa jamii ya mrehani ulioota nyuma ya nyumba nyingi huku, wenye harufu inayokaribia karafuu. Ndimu inakamuliwa mwishoni, chai ikishapoa kidogo. Watu huisifu kwa vitamini C, ila vitamini hiyo ikianza kutumiwa baada ya mafua kuingia haijaonekana kuyafupisha. Kinachofanya kazi hapo ni kinywaji cha moto chenyewe: kinalainisha kamasi na kurudisha maji yaliyopotea kwa homa. Koo likiuma, maji vuguvugu yenye chumvi hulituliza. Wazee wanapenda chumvi ya Katwe, lakini yoyote safi inatosha.

Kwenye kujifukiza ndiko ninakogombana na watu. Corona ilipoingia Uganda mwaka 2020, kila nyumba niliyoijua ilikuwa na sufuria ya majani ya mkaratusi na blanketi. Mvuke unafariji, harufu inamfanya mgonjwa ahisi pua imefunguka, lakini virusi haviungui. Anayeungua ni mtoto, sufuria ikipinduka gizani chini ya blanketi. Mtoto asiingizwe humo kamwe! Mkubwa aepue sufuria, aiweke chini mahali tambarare, angoje kidogo ndipo ainame. Na mafuta ya mkaratusi yasinywewe, ni sumu.

Sisi wa mpakani tuna sababu nyingine ya kuwa macho. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo, na Juni 2019 ikathibitishwa hapa wilayani Kasese kwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake. Ebola huanza na homa, uchovu, maumivu ya kichwa na koo, mambo ambayo yeyote angeyaita gripi. Malaria nayo huanza hivyohivyo. Kwa hiyo mwenye homa kali simpimii tangawizi. Namwelekeza kituo cha afya akapimwe damu, na kama ametoka kuuguza au kuzika, aseme tangu mlangoni.

Kwa watoto, saa ya simu inatosha kukuonyesha nimonia. Mtoto akiwa ametulia, hesabu anavyovuta pumzi kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika 50, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, acha chai jikoni, ita bodaboda mwende hospitali usiku huohuo.