Hataza ya Kutelezesha Kidole
Mchuuzi wa dagaa wa Kigongo, mkoani Mwanza, akitaka kumlipa mwenzake wa Busisi hupiga *150*00# kama anatumia M-Pesa, au *150*60# kama yuko Airtel Money. Kinachofuata kinafanana: orodha yenye namba, kiasi, kisha namba ya siri. Mtu angemilikishwa hataza ya mpangilio huo, wengine wangelazimika kumlipa au kumzungusha mteja bure. Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 haitaki upya tu; inataka pia hatua ya uvumbuzi, yaani jambo ambalo fundi wa kawaida wa fani hiyo asingelifikia kwa yale yaliyokwisha kujulikana. Ugomvi huanzia hapo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Apple. Desemba 2005 iliomba hataza ya kufungua simu kwa kuburuza picha kwenye skrini. Simu ya Neonode N1, ya Sweden, ilikuwa imetangulia kufunguliwa kwa kutelezesha kidole, ila haikuwa na picha inayokifuata kidole. Picha ya namna hiyo, swichi ya kuburuzwa kwenye skrini ya kugusa, mtafiti Catherine Plaisant alikuwa ameionyesha mwaka 1992. Mahakama ya London iliamua mwaka 2012 kwamba hapakuwa na uvumbuzi, na ya juu ya Ujerumani ikafikia hapohapo mwaka 2015. Marekani, katika kesi dhidi ya Samsung, majaji watatu wa rufaa walisema vivyo hivyo Februari 2016. Oktoba mahakama kamili ikawatengua kwa kura 8 dhidi ya 3, ikiheshimu uamuzi wa baraza la wazee wa mahakama na kuupa uzito ushahidi kwamba watu waliisifu njia ile na Samsung ikaiiga.

Mimi nasimama na London. Wapo wanaosema kila kitu huonekana rahisi kikishaonyeshwa, na ni kweli. Ndiyo maana tuzipime tarehe za ushahidi, na hapa vipande vyote viwili viliitangulia Apple. Sifa za wateja zinathibitisha kwamba simu ilipendwa, hazithibitishi kwamba fundi asingeviunganisha vipande hivyo. Je, jasho la msanifu lipotee? Hapana, sura aliyoichora inaweza kulindwa kama usanifu uliosajiliwa. Hataza ni nzito zaidi: hufunga njia yenyewe ya kutenda, hadi miaka 20, hata kwa aliyeifikia mwenyewe bila kuiga. Samsung ilikuwa na mawakili wa kubishana miaka mingi. Kijana wa Mwanza anayetengeneza programu ya kuuzia samaki hana, na barua moja ya madai inatosha kumfanya aifute.